Hata Senje Anaandika

Mmeniomba niwaandikie juu ya kanuni za leseni, ninyi mlioingia ofisi ya watoto mwaka huu na bado mnapiga pasi mashati ya kazini. Kanuni mnazo. Ziko kwenye kabati la pili, rafu ya chini, na nyingine mmewekewa ndani ya simu za kazi. Sitazirudia. Nitawaeleza yale ambayo hayako kabatini, na nikipotea njiani mnivumilie, maana nimestaafu na hakuna tena mtu wa kunikumbusha saa ya mkutano.

Kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba ambamo watu hulea watoto wa wenzao. Nimeifanya hapa Kakamega mpaka magoti yakakataa. Nyumba hizo ni za aina mbili. Kuna zile za kushinda, ambapo mama humwacha mtoto asubuhi akienda sokoni au kiwandani na kumchukua jioni. Halafu kuna nyumba za dharura, zinazompokea mtoto kwa siku chache wakati kwao kumeharibika: mama amelazwa, au amekamatwa, au amekimbia kipigo na hana pa kuegemea. Zote zinatakiwa kuwa na leseni. Mimi ndiye niliyekuwa nikibisha hodi na fomu mkononi.

Ila si kila anayelea mtoto huomba leseni. Kanuni zetu ziliwaacha nje watu fulani. Jamaa wa mtoto, kama nyanya au shangazi. Jirani anayemshikia mwenzake mtoto kwa saa mbili tatu. Kanisa lenye chumba cha watoto wakati wazazi wako ibadani. Kwenye fomu, kisanduku cha watu hao kiliandikwa "Amesamehewa", na neno hilo lilinipa taabu kuliko hesabu zote za vyoo. Siku moja nilimwambia mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga mlangoni kwake, "Mama, wewe umesamehewa." Akaacha mboga.

"Kwani nilikosa nini?"

Nikamweleza kwamba hakukosa, ni leseni tu hahitaji.

"Sasa kama sikukosa, mbona unanisamehe?"

Nikaanza upya, nikazidi kuharibu. Mwishowe akamwita mumewe aje kushuhudia kwamba serikali imemsamehe jambo ambalo hakufanya. Mume alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama kuna barua. Aliitaka aiweke pamoja na hati ya shamba.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Amukowa, mkaguzi wa siku nyingi, mtu mfupi asiyependa maneno. Alitembea na kigoda kwenye keria ya baiskeli yake. Mimi nilidhani ni cha mgongo, kwamba labda hamudu kusimama sana. Kumbe ndicho kilikuwa chombo chake cha kazi. Akiingia kwenye nyumba alisalimu, akaweka kigoda katikati ya chumba, akakaa kimya robo saa nzima. Kutoka pale chini aliona anachokiona mtoto wa miaka miwili: kisu kwenye rafu ya chini, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, waya uliochunika. Mimi siku ya kwanza nilisimama nikiandika hali ya dari.

"Unakagua dari?" akaniuliza. "Mtoto hajafika huko."

Alinifundisha kuhesabu vikombe badala ya watoto. Watoto unaweza kuwapeleka kwa jirani ukisikia mkaguzi yuko mtaani, lakini vikombe hakuna anayekumbuka kuvificha. Ukiambiwa watoto ni wanane na kwenye uchaga umeona vikombe kumi na tisa, kaa chini, omba maji ya kunywa, subiri waliofichwa warudi. Alinifundisha pia kuogopa nyumba iliyo kimya. Ukifika saa nne asubuhi ukute watoto kumi na wawili wote wamelala fofofo, usimsifu mwenye nyumba kwa malezi mema. Omba kuona chupa ya dawa ya kikohozi. Niliipata mara mbili, mara moja ikiwa ndani ya kopo la sukari. Nyumba hiyo niliifunga siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba alilia sana, na sikumhurumia. Hata leo simhurumii.

Jambo la tatu alilonifundisha Bwana Amukowa ndilo lililonifanya nikubali kuandika haya. Kwa kuwa jamaa husamehewa leseni, kila mtu akimwona mkaguzi hugeuka jamaa. Ukiuliza, "Huyu mtoto ni nani wako?" utajibiwa ni mjukuu, ni mtoto wa dada, ni damu. Na watoto nao watakubali, maana huku kwetu mtoto hufundishwa kumwita mama mzee yeyote kukhu, yaani nyanya, na mwanamke wa upande wa baba senje, yaani shangazi. Anaita hivyo kwa adabu. Hadanganyi.

"Usiulize wanaitanaje," Bwana Amukowa aliniambia. "Muulize mtoto, Krismasi unaendanga kwa nani?"

Mnajua wenyewe Kakamega mwezi wa kumi na mbili. Mji unabaki na walinzi na mbwa. Kila mtu huenda kwao, na mtoto wa miaka minne anajua kwao ni wapi, kwa sababu huko ndiko alikochinjiwa kuku na kununuliwa viatu. Watoto wa nyumba moja wakikutajia mahali pamoja, hao ni jamaa. Wakikutajia sehemu sita, toa fomu ya leseni. Sikuwahi kuona swali hilo likikosea. Niliyekosea ni mimi.

Kabla sijafika huko, niwape kisa cha mtungi wa kuzima moto, maana najua wengine wenu mtachoka katikati. Wakati fulani kanuni ilikuja kwamba kila kituo kiwe na mtungi mwekundu ukutani. Ndani ya mwezi mmoja vituo vyote vya upande wetu vilikuwa nao. Nikafurahi, nikaandika ripoti nzuri. Halafu Jumanne moja nikakagua vituo vitatu kwa mfululizo, na kila mtungi nilioukuta ulikuwa na mbonyeo mahali pamoja, karibu na mpini. Nilikuwa na rangi ya kucha kwenye mkoba, nikaweka nukta chini ya mtungi wa kituo cha tatu. Kituo cha nne, nilipoingia, mwenye boda alikuwa akitoka mbio mbio na gunia tupu, na ukutani palining'inia mtungi wenye nukta yangu. Mwenye kituo, mwanamke mcheshi sana, aliniona nikiugeuza.

"Madam, ni ule ule," akasema. "Lakini si umefika?"

Niliandika kwamba kituo hakina mtungi. Aliyeunda mpango huo, nilikuja kujua, ni mhudumu wa ofisi yetu wenyewe, ambaye alikuwa akiwapigia simu kila nilipochukua ufunguo wa gari.

Siku zetu fomu zilikuwa na karatasi ya kaboni, nakala tatu, na ukiandika uongo ulilazimika kuuandika kwa nguvu ili ufike nakala ya mwisho. Ninyi mna simu. Simu ni nzuri, inapiga picha na kuonyesha mahali ulipo, hakuna tena kukagua kituo ukiwa umekaa hotelini na chai. Tabia yake mbaya ni moja: haikubali uendelee mpaka umejaza kila kisanduku. Karatasi ilikubali niache wazi niseme sijui. Simu inataka jibu, na mtu mwenye haraka atabonyeza lolote. Mimi lakini siwezi kuisingizia simu. Kosa langu nililifanya kwa kalamu na kaboni.

Amalemba kulikuwa na mama mzee aitwaye Felista, mtaa mzima ukimwita Kukhu. Nilifika kwake mchana mmoja baada ya kupigiwa simu na mtu asiyejitaja, aliyesema kuna nyumba imejaa watoto. Nilikuta watoto saba, safi, wanakula obusuma, yaani ugali, na mboga ya kunde. Sakafu imefagiliwa, maji yamefunikwa, jiko liko nje nyuma ya kizuizi cha mabati. Kigoda, ambacho nami nilikuwa nimezoea kutembea nacho, siku hiyo sikukibeba, kwa sababu nilikuwa nimefika umri wa kuamini macho yangu.

"Hawa ni watoto wa nani, Kukhu?" nikamuuliza.

"Ni yetu."

"Wote saba?"

"Sasa nikitoa mmoja niseme huyu si yetu, atakaanga wapi?"

Alinipa chai. Nikamwita mtoto mkubwa kuliko wote, msichana wa kama miaka sita, nikamuuliza swali la Bwana Amukowa. Akanijibu bila kufikiri, "Krismasi nakuwanga hapa kwa kukhu." Nilitaka kuwauliza na wale sita. Lakini nilikuwa nimeshika kikombe cha mwenyewe, na kuwahoji watoto mmoja mmoja mbele yake, huku nimekula mandazi yake, niliona ni kumtukana. Pia ilikuwa Ijumaa. Nikaandika: watoto saba, jamaa, amesamehewa. Kwa nguvu ya kufika nakala ya tatu.

Yule msichana alikuwa mjukuu wake kweli. Wale sita hawakuwa. Walikuwa watoto wa wanawake wa mtaani na wa mbali kidogo, waliojua kwamba mambo yakiharibika nyumbani kuna Kukhu Amalemba ambaye haulizi. Ilikuwa nyumba ya dharura, nami nilikuwa nimeiandika kuwa boma la ukoo. Na nyumba ikishasamehewa, mnajua, faili linafungwa. Hakuna anayerudi. Hakuna anayemwambia mwenye nyumba aweke daftari.

Daftari hilo mnalichukulia kirahisi, nimewaona. Ni kitabu cha kawaida cha shule, safu nne: jina la mtoto, aliyemleta, anayeruhusiwa kumchukua, sahihi. Nyumba ya dharura inaweza kukosa rangi ukutani nikaivumilia. Ikikosa daftari, haina tofauti na kumwacha mtoto stendi.

Miezi kadhaa baadaye, Kukhu Felista alikuja ofisini kwangu amevaa gauni la kanisani. Alikuwa na mwanamke kijana mwenye mkono ndani ya plasta, ambaye hakukaa nilipompa kiti.

"Madam," Kukhu akasema, "huyu ni Violet. Amekuja kuchukua mtoto yake, na mimi sina mtoto wa kumpatia."

Violet alikuwa amevunjwa mkono na mumewe. Kabla ya kwenda hospitalini Iguhu alimwacha binti yake Lavina, wa miaka miwili, kwa Kukhu, kwa sababu mumewe alikuwa ameapa kumpeleka mtoto mahali ambapo mama hatamwona tena mpaka awe mtu mzima. Alilazwa siku tano. Siku ya tatu mwanamke mmoja alifika kwa Kukhu.

"Akasema yeye ni senje ya Lavina," Kukhu alinieleza. "Nikamwambia karibu. Akakunywa chai. Mtoto mwenyewe akampanda kwa mapaja. Wakaenda."

"Jina lake nani?"

"Senje."

"Jina lake, Kukhu."

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye sijalelewa. "Madam, wewe senje akija kwako unamuulizanga jina?"

Hapo hakuwa na kosa. Senje haulizwi jina. Ni dada ya baba, ana haki ya kuingia, kuketi, kula, na kumbeba mtoto wa kaka yake mgongoni, na atakayemwuliza yeye ni nani atakuwa amejitafutia maneno. Ndiyo maana kanuni zikaweka daftari, ili liulize yale ambayo mwenye nyumba anaona haya kuuliza. Na daftari halikuwepo, kwa sababu yangu.

"Baba yake ana dada wanne," Violet akasema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo. "Na wale wa baba mdogo sijahesabu."

"Baba yake pia alikuja jana," Kukhu akaongeza polepole. "Nikamwambia mtoto ako kwa senje."

Hapo Violet akakaa. Tulielewa sote watatu. Mtu huyo naye alikuwa akizunguka kwa dada zake, kama sisi tutakavyozunguka, na alikuwa ametutangulia siku nzima. Niliogopa. Nimefanya kazi hii na nimeona mengi, na huwa sipandwi na hofu ovyo, lakini siku hiyo nilipekua mkoba mzima nikitafuta ufunguo wa gari ambao ulikuwa mezani. Mhudumu wetu wa mitungi aliniona, na safari hiyo hakumpigia mtu simu.

Kukhu alikumbuka kwamba yule senje alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na anasema kwa sauti ya chini. Violet akasema huyo ni Truphosa, aliyeolewa Butere. Tukaenda Butere kwa gari la ofisi, sisi watatu na askari mmoja niliyemwomba kituoni, na njia nzima Kukhu alikuwa akirudia taratibu, "Alimpanda kwa mapaja. Mtoto alimpanda mwenyewe kwa mapaja."

Truphosa tulimkuta akianika mahindi. Hakushtuka. Alimtazama Violet, akautazama mkono, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu alikuwa hapa asubuhi," akasema. "Nikamwambia mtoto ako Mumias kwa Agneta. Ameenda kule."

"Na yuko Mumias?" nikauliza.

"Hapana. Nilisikia ndugu yangu akisema atamchukua, ndiyo nikamkimbilia kwanza. Sasa nimemficha."

"Wapi?"

"Kwa kukhu."

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo dakika ile. "Kukhu yupi?"

Ilikuwa ni mama mzee wa jirani, nyumba ya tatu ukishuka kuelekea mtoni. Lavina alikuwa jikoni kwake, ameshika tonge kubwa kuliko ngumi yake. Alipomwona mama yake alianza kuja, kisha akaiona ile plasta, nyeupe, akarudi nyuma ya sketi ya yule mzee. Violet hakumwita. Alichuchumaa mlangoni, akaufunika mkono kwa leso mpaka plasta haionekani, akangoja. Mtoto akachungulia mara mbili, tatu, ndipo akaja. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Askari naye akatoka, akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni.

Tulipokuwa tukirudi, Violet akaniuliza swali, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. Alisema alishawahi kulala kwenye nyumba nyingine ya dharura, na huko walikuwa na kitabu.

"Kwa nini kwa Kukhu hakukuwa na kitabu?"

"Kwa sababu niliandika kwamba ninyi ni jamaa."

"Jamaa ya nani?"

Nilibadilisha gia tu. Ya mumewe yalikwenda polisi na mahakamani, huko si kwangu. Langu lilikuwa fomu moja, nakala tatu, na jina langu chini. Tulikuwa tumempata mtoto kwa sababu aliyekuja alikuwa senje mwema. Angekuja mwingine, au mwanamke yeyote aliyetumwa na baba, Kukhu angempa chai vile vile.

Mkubwa wangu alitaka nyumba ya Kukhu ifungwe wiki ile ile. Nilimwelewa. Lakini mji mzima haukuwa na mahali pengine ambapo mwanamke aliyevunjwa mkono angemwacha mtoto mchana bila kuulizwa maswali mpaka akate tamaa. Nikaandika ripoti kwamba kosa ni la mkaguzi, kwamba mwenye nyumba hakuambiwa anachotakiwa kufanya, na nikaomba apewe muda wa kutimiza masharti. Nilipewa barua ya onyo. Iko kwenye faili langu mpaka leo, mkiitafuta mtaiona, ina doa la chai kwenye kona.

Kukhu Felista aliongeza choo cha pili na kupanua mlango. Hayo hayakumsumbua. Lililomsumbua ni daftari.

"Unataka nifukuze watu," aliniambia. "Nikimuuliza senje jina, ataenda kwa boma aseme nimemuita mwizi."

Na kweli walikasirika. Senje wa kwanza kuombwa sahihi aliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Kukhu alilihesabu kuwa msiba. Basi mwenyewe akatafuta njia. Alimwambia yule mjukuu wake aandike kwenye kipande cha boksi, kwa makaa, herufi kubwa, akakining'iniza juu ya meza: HAPA HATA SENJE ANAANDIKA. Tangu hapo hakulazimika kuuliza. Senje akiingia alisoma, au alisomewa, akacheka au akanuna, akaandika. Waliokataa hawakupewa mtoto. Leseni ilipotoka nilimpelekea mwenyewe, akaitundika chini ya lile boksi, siyo juu. Aliendesha nyumba ile mpaka alipofariki, na sikusikia tena mtoto akitafutwa.

Sasa mnajua yote, au mngekuwa mnajua, kama mwenzenu Sheila asingekuja kwangu mwezi uliopita.

Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa na watoto watatu hapa nyumbani. Mmoja ni wa mwalimu wa hapa jirani, mwingine wa muuza mitumba, wa tatu anaitwa Emanueli. Nilianza kwa kusaidia tu. Sheila alifika na simu yake, akasalimu, na nikafurahi kuona amebeba kigoda, kama nilivyowafundisha waliomtangulia. Alikaa katikati ya sebule yangu, kimya, robo saa. Aliona wembe niliouacha chini ya kiti. Kisha akawauliza watoto mimi ni nani, wakajibu kwa pamoja, "Kukhu." Nikaona kidole chake kinakwenda kwenye kisanduku.

"Usibonyeze," nikamwambia. "Waulize lile lingine. Wote."

Akawauliza Krismasi huenda kwa nani. Wa kwanza akasema Iguhu. Wa pili akasema Butere. Emanueli alifikiri, akanitazama, akasema, "Hapa."

Sheila akaomba daftari. Ninalo, ningelikosaje. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye safu. Kwa Emanueli palikuwa na jina lake, na aliyemleta: mama. Safu ya tatu ilikuwa wazi.

"Madam, nani anaruhusiwa kumchukua?"

Mama yake alimleta mvua za masika zilipoanza, akasema wiki mbili. Masika yakaisha; Krismasi ya hapa mtoto hajaiona bado. Simu yake haipatikani. Nilipaswa kutoa taarifa ofisini kwenu siku ya kumi na tano, na ninaijua kanuni hiyo kuliko jina langu. Sikutoa. Nilikuwa nimempenda huyo mtoto, niliogopa kwamba nikimtaja mtamchukua, na kila jioni nilijiambia kwamba hana haja ya safu ya tatu, maana mimi ni kukhu wake.

"Akija mtu leo aseme ni senje yake?" Sheila akauliza.

Hakuniuliza kwa ukali. Akaligeuza daftari likaniangalia mimi, akaweka kalamu juu yake.

"Andika, Kukhu," akasema. "Hata kukhu anaandika."

Nikaandika: mama hapatikani, hakuna mwingine anayejulikana, taarifa imetolewa leo. Nikatia sahihi. Nikamwomba Sheila anitumie na fomu ya leseni. Emanueli alikuwa amekuja kuegemea goti langu, lile baya, akitazama kalamu.

"Umeandika mimi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, nimekuandika.